Mitambo ya umeme ndani ya mlima: maji yakishazungusha kwa nini hayaletwi mjini?

Mwana wa Goba

Wakuu heshima kwenu. Naomba kueleweshwa na msinicheke, mimi ni muuza spea sio injinia. Mwezi uliopita nilienda msibani kule Kilombero upande wa Chita, asubuhi tunapiga mswaki mjomba ananionyesha nguzo kubwa za chuma zinashuka mlimani ananiambia umeme wenu wa Dar huo unatoka Kihansi. Namuuliza bwawa liko wapi mbona sioni ukuta wala jengo, ananijibu mitambo iko ndani ya mlima kabisa, gari linaingia kwenye mlango kama unaingia pangoni unaendesha weee mpaka unakutana na ukumbi una taa na mashine. Nikajua mjomba ananipiga fiksi kumbe mpaka jirani zake wote wanajua.

Sasa maswali yangu mawili. La kwanza, wanajengaje kitu kama hicho ndani ya jiwe? Unaanzia wapi, juu au chini? La pili ndo linaloniuma zaidi, hayo maji yakishazungusha mashine yanaenda wapi? Maana hapa kwangu Goba maji yanatoka kwa kuvizia, unasikia bomba linakohoa saa nane usiku, linatema hewa dakika tano, mita inazunguka tu, ndoo mbili zikijaa yamekata. Wiki hii nimeshanunua boza mara mbili. Kwa nini wasitandike bomba moja maji yakitoka kwenye mitambo yaje moja kwa moja mjini, umeme na maji kwa mpigo mmoja? Au kuna kitu sikioni?

Kichwa Ngumu

Ungekuwa mkubwa nchi hii ungeshapewa jibu hilo hilo la "tuko kwenye upembuzi yakinifu" 😂 Wangetaka wangeleta. Umeme umefika Dar kutoka huko huko, maji yanashindwa nini? Ngoja waje wataalamu watupige na hesabu.

Pimamaji

Mwana wa Goba swali lako zuri kuliko unavyodhani, tena la pili ndo gumu. Ngoja nianze na hilo, la kujenga ndani ya mlima nawaachia waliochoronga wenyewe, najua humu wapo.

Kitu cha kwanza mtambo wa umeme hauli maji. Yanayoingia ndo yanayotoka, lita kwa lita. Unachokula ni kimo. Ukibeba ndoo ya lita 20 mpaka ghorofa ya tano umetoa jasho, ile ndoo ikikaa kule juu jasho lako limo ndani yake limehifadhiwa, ukiimwaga chini jasho limeondoka lakini maji yote yapo pale pale chini yanatiririka. Kihansi mvua ndo imebeba ndoo. Mto unachukuliwa juu Udzungwa unaingizwa ndani ya mwamba unashuka karibu mita 850, chini kule kuna mashine tatu za megawati 60 kila moja, jumla 180. Nimekupigia hesabu, kila lita elfu moja zikishuka pale zinatoa kama yuniti mbili za luku. Yaani boza lako la lita elfu 10 ni yuniti 20 tu, bibi yangu kule Kibaha anazimaliza wiki.

Sasa ona kinachofuata. Yakishatoka chini ya mlima yako kama mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, kimo chote kimeshauzwa kwa luku. Kutoka pale mpaka Dar ni mamia ya kilomita, ukigawanya mteremko uliobaki hupati hata mita moja kwa kila kilomita, na katikati kuna vilima, maji hayajui kupanda. Msuguano wa ndani ya bomba peke yake utamaliza huo mteremko. Kwa hiyo utaweka pampu, na pampu zinataka umeme, kila lita elfu moja ukizipandisha mita 100 unakula kama yuniti 0.4 ukihesabu na hasara za pampu. Na Goba ni mlimani ndugu yangu, we unaishi juu ya watu.

Kichwa Ngumu, umeme unafika kwa sababu waya haubebi kitu chenye uzito. Kihansi ikiwa inafanya kazi mashine zote zinapita kama mita za ujazo 24 kwa sekunde. Hizo ni tani 24, kila sekunde moja. Umeshawahi kuona semi trela likipita kila sekunde usiku na mchana? Halafu tazama Dar ilivyo ndogo kwenye hesabu hiyo, mitambo yake mikubwa ya kusafisha maji ni miwili, Ruvu Chini ina uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu milioni 196. Maji ya Kihansi ya siku moja mashine zote zikiwaka ni zaidi ya mara nne ya hizo mbili ukizijumlisha. Kwa hiyo tatizo la mjini sio kwamba maji hayapo duniani, ni yako wapi, yako kimo gani na nani analipa kuyasafirisha.

Mwana wa Goba

Daah aisee hiyo ya yuniti mbili imenikata maini. Kwa hiyo yanatupwa tu?

Pimamaji

Hayatupwi, yanarudi mtoni. Yanaingia bonde la Kilombero kwa wakulima wa mpunga, yanakwenda Rufiji, na kule chini yanazungusha tena kwenye Bwawa la Nyerere. Na kwa upande wa pili maji ya Ruaha Mkuu yanapita Mtera, yanashuka Kidatu, nayo yanaishia Rufiji pale pale juu ya bwawa. Tone moja linalipa kodi mara tatu. Ila msichanganye, Nyerere nyumba ya mitambo iko nje kwenye hewa, ni ukuta mkubwa wa mita 131 na mto mkubwa. Zilizo ndani ya ardhi ni Kidatu, Mtera na Kihansi.

Mzee Mchorongaji

Nimesoma nikacheka hapo kwenye waliochoronga. Nipo wanangu. Nilikuwa Kihansi kuanzia 1997, nilikwenda kama kibarua wa kuzoa vifusi nikaishia kwenye mashine ya kuchoronga mpaka tulipomaliza.

Kijana ameuliza wanaanzia juu au chini. Unaanzia pembeni. Unatoboa kwanza tanel ya kuingilia, ile mjomba wako anayosema gari linapita, hiyo ndo koo la kazi nzima maana kila kitu kitapita hapo, mawe yatoke, zege liingie, na mwisho mashine zenyewe ziingie vipande vipande kwenye lobedi. Ukikosea upana wa hiyo tanel umekosea kila kitu.

Mzunguko ni ule ule usiku na mchana. Mnachoronga matundu usoni mwa mwamba, yamepangwa kama ua, ya katikati yanalipuka kwanza kidogo ili mengine yapate nafasi ya kuangukia. Mnapakia baruti, mnatoka wote, mnahesabiwa majina, inalipuliwa. Halafu hamuingii. Hapo ndo vijana wengi hawana subira, moshi wa baruti ukiuvuta kichwa kinagonga kama ngoma siku nzima na unaweza usiamke. Kuna mabomba makubwa ya turubai yananing'inia darini yanapuliza hewa safi mpaka mbele, mnasubiri. Kisha wanaingia watu wawili na nondo ndefu kugonga dari. Hii kazi nilifundishwa na mzee mmoja alikuwa ametoka kwenye migodi, alikuwa anasema jiwe zima linaitika ngii kama kengele ya shule, jiwe bovu linaitika bufu, kama debe lenye unga. Likiitika bufu unalibandua kabla halijakubandua. Baada ya hapo wanazoa vifusi, wanachimbia nondo za kushikilia mwamba, wanapulizia zege na mashine, mnaanza upya. Mita chache tu kwa raundi.

Ule ukumbi wa mitambo sasa, watu wanadhani unachimbwa kama shimo la choo. Unaanza na dari. Unatoboa juu kabisa umbo la upinde, unalikaza dari mpaka injinia asaini, halafu ndo unashuka ngazi kwa ngazi kama unakata keki. Kwa sababu ukishafika chini ndugu yangu dari huifikii tena, iko juu kama kanisa. Mimi siku ya mwisho tuko sakafuni nikaangalia juu nikaona alama ya rangi niliyoiandika mwenyewe ukutani miezi kadhaa nyuma nikiwa nimesimama pale kwa miguu, nikasikia kizunguzungu.

Na maji. Mnachimba kituo cha maji halafu adui yenu mkubwa ni maji, yanatoka kwenye nyufa ya baridi kama ya friji, pampu zikizima nusu saa mnatembea magotini. Mwenzetu mmoja wa shifti ya usiku aliangukiwa na jiwe dogo tu begani, ukubwa wa mkate, kofia ikamwokoa kichwa lakini bega halikurudi. Kampuni iliyokuwa imemuajiri, kibarua wa mkataba mdogo, ilimpa nauli ya kurudi kwao. Nimalize hapo.

Mwana wa Goba

Shikamoo mzee. Pole sana kwa mwenzenu. Sasa kwa nini wajitese hivyo, si wangeweka tu bomba la chuma likashuka nje ya mlima na mitambo ikakaa bondeni kwenye jua?

Mzee Mchorongaji

Marahaba mwanangu. Sisi tulikuwa tunaambiwa ni kwa sababu ya korongo lenyewe, mteremko ule hata mbuzi anaomba Mungu, utaweka wapi jengo na mawe yanaporomoka kila masika. Pimamaji ataongezea.

Pimamaji

Mzee shikamoo, umesema kweli na kuna la presha. Maji ya kimo cha mita 850 yanakandamiza kama bar 85. Tairi la bodaboda ni bar mbili na kitu. Bomba la chuma la kubeba presha hiyo kutoka juu mpaka chini linataka chuma kinene ajabu na kila chuma ni dola. Lakini ukipita ndani kabisa ya mlima, uzito wa mwamba unaozunguka tanel unakandamiza kwa ndani kuliko maji yanavyosukuma kwa nje, kwa hiyo mwamba wenyewe ndo bomba. Kihansi sehemu kubwa ya njia ya maji ni jiwe tupu halina chuma, chuma kimewekwa kipande cha mwisho karibu na mashine ambapo mwamba umepungua unene na ukumbi uko jirani. Ndo maana wapimaji wanahangaika kupima mkazo wa mwamba kabla ya kuamua chuma kianzie wapi, ukikosea maji yanapasua mlima yanatafuta njia yake. Na siku ya kwanza hujazi kwa pupa, unajaza polepole na kusimama, unasikiliza nyufa.

Lingine, mashine za Kihansi ni zile za gurudumu lenye vikombe, maji yanatoka kwenye pua kama risasi yanapiga kikombe yanadondoka chini hayana presha yoyote. Kwa hiyo hata ile ndoto ya kuunganisha bomba la mjini nyuma ya mashine haipo, pale nyuma ni mfereji tu unaotiririka kama mtaro wa Jangwani pale bondeni Dar.

Wa Gatanga

Sasa majirani, nawasoma kutoka huku Murang'a. Hiyo shida yenu ya kimo sisi Kenya iko kinyume. Bwawa la Ndakaini liko hapa kwetu juu, maji yanaenda mpaka mahali pa kusafishia pale Ng'ethu halafu yanateremka yenyewe hadi Gigiri Nairobi bila kusukumwa, ni mteremko tu. Ndakaini inashika mita za ujazo milioni 70 na ndiyo inanywesha sehemu kubwa ya Nairobi tangu miaka ya tisini. Umeme nao mkubwa uko kule mto Tana chini, Gitaru megawati 225, hiyo pia mitambo yake iko chini ya ardhi hata Kamburu jirani yake, na Turkwel kule Pokot. Yaani maji ya juu yanakunywewa na ya chini yanawasha taa, walijipanga hivyo.

Na hilo handaki mnalosema sisi tumelichimbiwa nyumbani, la kukusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini, kilomita 11.8, upana wake mita 3.2. Limeanza kazi 2022, linatakiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Kelele zilikuwa nyingi sana kabla, wanasiasa wengine walituambia tutabaki jangwa, wengine wakatuambia hatutahisi chochote. Mimi nasema ukweli wangu, jangwa hatujabaki, lakini kuna mama yangu anaishi mahali ambapo ukitoka kwa boma unaona maji ya bwawa yaking'aa, na bado anabebewa mitungi na punda, mtungi mmoja anaununua. Hiyo ndiyo hesabu mimi nataka mtu wa kimo anielezee.

Pimamaji

Hiyo haina hesabu ndugu yangu, bomba la kwenda mjini linapita kwa presha kubwa na kuliunganisha kijiji kuna gharama yake, hapo ni uamuzi wa watu sio wa maji.

Mnyalu wa Jozi

Wakuu mimi niko Johannesburg mwaka wa tisa, na naomba kumwambia Mwana wa Goba kwamba ndoto yake ipo, imejengwa, na mimi ndo naoga nayo. Lesotho. Kuna bwawa linaitwa Katse, ukuta mita 185, liko milimani kabisa. Maji yanaingia kwenye tanel ya kilomita 45 ndani ya milima mpaka sehemu inaitwa 'Muela, pale kuna mitambo chini ya ardhi megawati 72, yakishazungusha yanatuama kwenye bwawa dogo halafu yanaingia tanel nyingine ya kilomita 37 yanatokea Afrika Kusini kwenye mto Ash, yanashuka mpaka bwawa la Vaal ambalo ndo tegemeo la jimbo letu la Gauteng. Umeme unabaki Lesotho, maji yanakuja huku, na Lesotho inalipwa. Mkataba ulisainiwa 1986, maji yakaanza kuja 1998.

Kwa nini kwao imewezekana? Kama Pimamaji alivyosema, kimo. Lesotho nzima iko juu, hata ukiuza kimo cha megawati 72 bado umebaki na kimo cha kutosha kushuka mpaka huku bila pampu. Sisi Kihansi tunauza chote.

Ila kuna bei yake. Kufunga vitu viwili kwenye koo moja maana yake koo likiuma vyote vinasimama. Oktoba 2024 walifunga tanel miezi sita mpaka Machi 2025 kwa ajili ya matengenezo ya ndani, vyuma kutu, kukagua kuta. Huku watu waliingia wasiwasi lakini Vaal ilikuwa na akiba, na kwa bahati mvua zikanyesha. Lesotho wenyewe ndo 'Muela ikazimika ikabidi wanunue umeme zaidi nje. Na Wa Gatanga utacheka au utalia, Maseru mji mkuu wao haunywi maji ya Katse, wana bwawa lao lingine la Metolong, na wale wa vijiji vya mlimani kuzunguka Katse wanalalamika kama mama yako.

Kichwa Ngumu

Haya nimeelewa nimekubali, sio mara nyingi mnaniona nikisema hivyo. Sasa Dar hakuna mpango wowote wa kuvichanganya hivi viwili?

Pimamaji

Upo, Kidunda, kule Morogoro Vijijini kwenye mto Ruvu wenyewe. Mita za ujazo milioni 190 na kituo cha megawati 20. Lakini angalia ulivyogeuzwa, pale maji ndo bosi na umeme ni chenji. Unakumbuka Oktoba na Novemba 2022 Ruvu ilivyokauka tukawekewa mgao wa maji? Kazi ya Kidunda ni kushika mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili mitambo ya kusafisha huku chini isikose cha kuvuta. Hakuna kuchimba mlima. Kwa hesabu ya kimo megawati 20 ni haba lakini maji yanatoka pale yanafuata mto mpaka Ruvu Juu na Ruvu Chini bila bomba jipya, mto ndo bomba. Ila Goba bado watakupandishia kwa pampu, hilo jiandae.

Mwana wa Goba

Asanteni sana wakuu, nimeingia na hasira nimetoka na shule. Nahamia Jangwani basi 😂 Mzee Mchorongaji swali la mwisho, wale vyura wa Kihansi waliotangazwa dunia nzima uliwaona?

Mzee Mchorongaji

Sikuwaona hata mmoja. Sisi tuko ndani ya jiwe tunajua mwanga wa taa tu, wao walikuwa nje korongoni kwenye yale manyunyu ya maporomoko, eneo dogo sana kama hekta mbili, na hakuna pengine duniani walipokuwa wakiishi. Wataalamu waliwagundua 1996, mradi umeshaanza, mimi nilikuwa bado sijafika. Tulipowasha mitambo maji ya mto yakaingia kwetu ndani, manyunyu yakakatika. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia kama ya bustani kule korongoni, na 2000 wakachukua karibu 500 wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama. Waliobaki wakapatwa na ugonjwa wa ukungu, 2009 ikatangazwa wametoweka porini. Wa Marekani wakazaana, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010 na miaka miwili baadaye wakaanza kuachiwa tena kule kule. Mpaka leo maji kidogo lazima yaachwe yapite mtoni hayaingii kwenye tanel, ni yao.

Mjukuu wangu ndo alinionyesha picha kwenye simu. Kachura ka njano kadogo kanakaa juu ya ukucha wa kidole gumba, hakatagi mayai, kanazaa watoto wamekamilika. Nikamwambia babu yako alikuwa anakaa ghorofa ya chini ya nyumba ya huyu.